Jiwe Lisilorushwa

Njia ya kwenda Singizo haielezwi. Aliyewahi kufiwa akakosa wa kumshika shati anaijua, na asiyeijua aombe asiijue kamwe. Basi tuanze pale mzee Mwachiro alipokwisha kufika, amesimama kwenye foleni ya mkate katika mji wenye baridi ya kukata masikio, mkono mmoja mfukoni mwa koti, ameshika jiwe.

Lilikuwa jiwe la kijivu, la ukubwa wa yai, lililookotwa mtoni nyuma ya nyumba yake. Mkewe Sipora ndiye aliyemtuma. Akiwa hospitalini, sauti imeshaanza kumkauka, alimwambia: "Ukijaliwa kufika kwetu, mwekee mama jiwe juu ya kaburi. Sisi hatuweki maua, Mwachiro. Maua yananyauka, halafu inakuwa kama hukuja."

Alikuwa na mengine ya kusema lakini umeme ulikatika, mashine ya hewa ikazima. Jenereta ilikuwepo, nzima kabisa, imepakwa hata rangi mpya. Ufunguo wake alikuwa nao mkuu wa hospitali, na mkuu alikuwa arusini. Wakubwa wakaunda kamati, kamati ikanywa chai, chai ikaisha, na hapo ndipo habari ilipoishia. Tangu siku hiyo Mwachiro akawa mgane mwenye ulimi mchungu. Mvua ikinyesha aliwatukana wakubwa, isiponyesha aliwatukana vile vile, na mara nyingi hakuwa amekosea.

Sipora alikuwa Myahudi wa Singizo. Alitolewa huko angali msichana, na mjomba wake, mwaka ule ukuta ulipoanza kujengwa. Mwachiro alimkuta alipoitwa kuezeka nyumba ya mjomba huyo, maana kazi yake ni ufundi wa mabati. Sipora alisimama chini ya ngazi, akatazama juu, akamwambia, "Fundi, ukigongelea kwa hasira hivyo, bati litavuja kwa makusudi." Wakaoana mvua za vuli zilizofuata.

Kila Ijumaa jua likikaribia kuzama aliwasha mishumaa miwili, akafunika macho kwa viganja, akanong'ona. Mkate aliusuka kama nywele za binti anayekwenda shereheni. Mwachiro hakuwa wa dini yake, lakini siku hiyo aliambiwa aoge, avae shati safi, aketi kama mgeni wa heshima ndani ya nyumba aliyoiezeka mwenyewe. Hapo ndipo Sipora aliposimulia kwao. Singizo ni nchi ya baridi, alisema, na kila nyumba ina jiko la kuota. Jumamosi, siku ya kupumzika kwao, Wayahudi hawawashi moto. Basi majirani wasio Wayahudi walikuja asubuhi, bila kuombwa, wakapiga hodi, wakawasha jiko, wakaondoka. Waliitwa wawasha jiko, na kila nyumba ilikuwa na wake. Sikukuu za majirani zikifika, Wayahudi nao waliwachotea maji na kuwalindia maduka. "Kwetu hapakuwa na aliyeota moto peke yake," alisema Sipora, na uso wake ulikuwa kama bado unaota.

Hiyo ndiyo Singizo aliyoijia Mwachiro.

Alipofika mbele ya foleni, muuza mkate hakumuuliza anataka mkate gani. Alimuuliza, "Umerusha?" Akaomba kuona kiganja. Cha Mwachiro kilikuwa kitupu. Viganja vya wenzake wote vilikuwa na alama nyeupe ya chokaa. Akaambiwa kwa upole kabisa akarushe kwanza, ndipo arudi.

Sheria yenyewe ilikuwa hivi. Katikati ya mji ulisimama ukuta mrefu, na nyuma yake Mtaa wa Wayahudi. Kabla ya kuhudumiwa popote, iwe dukani, posta au kwa daktari, mwananchi alitakiwa kufika langoni, kuchukua jiwe kwenye gunia la serikali, kutaja msiba wake, kusema kwamba Wayahudi ndio walioufanya, na kulirusha jiwe juu ya ukuta. Karani alisema "Imepokelewa," akampaka chokaa. Mtu aliyeunguza ugali alirusha. Aliyefeli mtihani naye alirusha. Mwachiro aliona bwana mmoja nadhifu aliyekosa msiba wa siku hiyo. Aliazima wa jirani yake ili apate kununua sabuni.

Karani wa lango alikuwa mzee aitwaye Bwana Sudi, mwenye cheo cha Mgawa Lawama. Alikuwa mtu wa adabu. Alimpa Mwachiro kigoda, akammiminia chai, akamuuliza msiba wake kwa sauti ya mtu anayetaka kweli kujua.

Na hapa lazima isemwe ukweli. Miaka yote ya ugane wake, hakuna afisa hata mmoja aliyewahi kumuuliza Mwachiro nani alimuua mkewe. Sasa hapa ameketi mtu wa serikali, mwenye kofia na vifungo, anauliza. Mwachiro alisimulia yote, mpaka arusi, mpaka rangi ya jenereta.

"Pole sana, mzee mwenzangu," alisema Sudi, akamnyooshea jiwe. "Wayahudi hao."

"Nimekwambia ni mkuu wa hospitali."

Sudi alimweleza kwa subira kwamba wakubwa hawalaumiwi. Sheria inataka lawama apewe asiye na nafasi ya kuijibu, vinginevyo yanakuwa mabishano na foleni haisogei. Mwachiro akasema hakuja kurusha, amekuja kuingia. Ana jiwe lake la kuweka kaburini. Akalitoa mfukoni. Sudi alishtuka kama ameonyeshwa nyoka. Jiwe haliingii Mtaani kwa mkono, alisema. Ni marufuku kabisa. Mtu anayeingia na jiwe mkononi anaweza kuwa na nia mbaya. Jiwe huingia kwa kurushwa tu.

Kisha, kwa kuwa alikuwa mtu mwema kwa kadiri alivyoruhusiwa, akashusha sauti. "Lirushe hili hili lako. Sema maneno, rusha, limeingia. Wenyewe huko ndani wanayaokota, wanayaweka makaburini, kila mtu anajua. Litafika. Ni maneno tu, ndugu yangu, nani atakusikia?"

Mwachiro alisimama. Ulimi ulikuwa umeshaanza kuonja yale maneno, na yalikuwa matamu. Mzigo wa miaka, kuurusha mara moja, ukausikia ukitua mbali! Mkono ulipanda wenyewe mpaka usawa wa bega.

Pembeni yake mama mmoja aliyevunja sufuria alirusha la kwake. Likapita juu ya ukuta, likaangukia bati. Fundi wa mabati hahitaji kuliona bati ili alijue. Lilikuwa jembamba, la zamani, limelegea misumari upande wa mteremko. Na chini yake, baada ya mlio, kulisikika kiti kikivutwa. Kuna mtu alikuwa ameketi pale, amehama.

Mkono ukashuka.

"Marehemu uliniambia anaitwa nani?" aliuliza Sudi, ili mazungumzo yasife.

"Sipora. Sipora binti Hadasa."

Sudi aliweka kikombe chini. Akakaa muda akilinyoosha gunia ambalo halikuwa na mkunjo. Kisha akasema ofisi inafungwa, japokuwa jua lilikuwa bado la asubuhi.

Nje ya lango, upande wa mji, Mwachiro alikuta watoto wamekaa kwenye mikeka na mwanamke mwenye kilemba cha buluu akiwafundisha. Huyo ndiye Mwalimu Tirza, wa kutoka ndani ya Mtaa. Chama cha Wayahudi kilikuwa kimehangaika miaka na miaka barazani kupata kibali hicho kimoja: mwalimu wao atoke, aketi pale, afundishe mtoto yeyote atakayeletwa. Walioletwa walikuwa wachache. Wazazi wao waliwashika mkono mpaka mkekani, na njiani walizomewa.

Mtoto mgeni alikuwa akimtazama Tirza kwa nyuma, akauliza mkia wake uko wapi, maana nyumbani anaambiwa Wayahudi wana mikia.

"Leo nimeuacha nyumbani, kuna baridi," alisema Tirza bila kucheka. "Nani alikwambia?"

"Baba."

"Na baba aliambiwa na nani? Nenda kamuulize. Halafu kamuulize huyo naye. Ukimpata aliyeuona kwa macho, mlete hapa, nitampa kiti changu."

Ndiyo ilikuwa elimu yake kubwa. Watoto walikwenda, waliuliza, na kila uvumi uliwafikisha kwa mtu aliyekwisha kufa, aliyekuwa ameusikia kwa mwingine.

Mwachiro alipomweleza jina la mkewe, Tirza alimega mkate kwenye kikapu chake akampa. Ulikuwa umesukwa. Mzee alishindwa kuula mara moja. Aliushika kama mtu anayeshika mkono wa anayemfahamu.

Tirza alimwambia njia iliyobaki ni Baraza, ambalo lingekaa kesho yake, Alhamisi. Wakaenda.

Baraza la Singizo linaheshimiwa sana na wanaolala ndani yake. Siku hiyo palikuwa na hoja mbili. Ya kwanza ilisema Wayahudi wameyazuia maji ya mji, ndiyo maana mabomba yamekauka. Ya pili ilisema Wayahudi wameyafungulia maji, ndiyo maana mashamba ya juu yamefurika. Wajumbe walijadili kwa kina, na zote mbili zikapita kwa kauli moja. Mjumbe mwingine akalalamika kwamba Wayahudi wanajitenga na wananchi wenzao. Alipoulizwa ushahidi, alionyesha ukuta kupitia dirishani. Ukuta huo Baraza hilo hilo ndilo lililoujenga, na jina la mwenyekiti limechongwa juu yake.

Walalamikaji waliruhusiwa kusema mpaka wachoke. Mtetezi alipewa njiti moja ya kiberiti. Aliiwasha, akaishika mwenyewe, na muda wake ulikuwa ni ule inaowaka. Mwenye kugawa njiti alikuwa Bwana Sudi. Ncha za vidole vya Tirza zilikuwa nyeusi, na Mwachiro, aliyedhani ni wino, sasa alielewa.

Tirza aliwasha. Alisema haraka, bila kuhema: mfereji wa mji unapita ndani ya Mtaa wetu, mawe yenu yameujaza, nyuma ya mawe maji yanapanda mashambani, mbele yake mabomba yanakauka, mkikauka mnarusha zaidi, tunayatoa kila siku lakini mikono yetu ni michache kuliko yenu, njooni mtazame, njooni watano tu, njooni hata mmoja. Moto ukamfika kidoleni. Hakuna aliyeinuka.

Ikawa zamu ya Mwachiro. Hakuwa amesoma zaidi ya kujua kuandika jina lake, na wakubwa waliojipanga mbele walimpandisha damu. Njiti ilipowaka alianza na mkuu wa hospitali, akaja kwenye ufunguo, akaja kwenye kamati na chai yake, akawaambia nyinyi na wale ni mama mmoja. Alipokumbuka alichofuata pale, moto ulikuwa unaramba kucha. "Nataka kuingia na jiwe kwa mkono," alisema. "Mke wangu alikuwa..."

Njiti ikazima. Mwenyekiti akatangaza kwamba hoja haikukamilika.

Mlangoni Mwachiro alimkaba mwenyekiti huyo kwa maswali, kama alivyozoea kuwakaba wa kwao. Je, wao hawaoni mfereji? Mwenyekiti alikuwa mtu mchangamfu. Alimshika bega.

"Tunaona, mzee wangu. Unadhani sisi ni vipofu? Lakini fikiri kidogo. Hii mikono yote ikiacha kushika mawe, itamshika nani?" Akacheka, akapanda gari lake.

Mwachiro alibaki amesimama. Aliyajua maneno hayo. Hakuwahi kuyasikia, lakini aliyajua. Miaka yote alidhani wakubwa wanakosea kwa uzembe.

Ijumaa asubuhi alikwenda kwenye mikeka kumuaga Tirza. Watoto walimuuliza kama ni kweli alizimiwa njiti katikati ya neno, maana mji mzima ulikuwa ukimcheka. Akasema ni kweli. Wakamuuliza basi mke wake alikuwa nini.

Pale hapakuwa na kiberiti. Mwachiro alikaa chini, akawaambia. Alikuwa akiimba puani anapokanda unga. Alikuwa mwoga wa mende na hakuogopa askari. Akishona kifungo alikata uzi kwa meno, akigombezwa anacheka na uzi bado mdomoni. Alikuwa akifunika macho mbele ya mishumaa miwili, na akiyafunua alimtazama Mwachiro kama ndiyo kwanza amemwona. Alikuwa akisema kwao hapakuwa na aliyeota moto peke yake. Kila Jumamosi alikuja mwasha jiko wao, kijana mrefu aliyegonga mlango kwa kiwiko kwa sababu mikono yote imebeba kuni, na mama yake Hadasa alimwachia kipande cha mkate dirishani kilichofunikwa na leso.

Hapo langoni, nyuma ya gunia, Bwana Sudi alikuwa amesimama. Mtu aliyekuja na msiba wa kufiwa na kuku alimwita mara kadhaa bila kujibiwa.

"Leso ilikuwa ya njano," alisema Sudi, kwa sauti ya kujisemea mwenyewe. Kisha akamwendea Mwachiro na kuinama. "Mzee mwenzangu, usiondoke leo. Njoo kesho asubuhi. Njoo na kuni."

Kumbe zilipotungwa zile sheria zote za ukuta, wakubwa walisahau kufuta moja ya zamani: mwasha jiko hasimamishwi langoni, wala haulizwi amebeba nini. Hawakuifuta kwa sababu hakuna aliyekuwa akiitumia tena. Wawasha jiko walikuwa wameacha mmoja mmoja, bila kukatazwa, kila mmoja akingoja mwenzake aanze kwenda.

Jumamosi wazee wawili wakapita langoni wamebeba kuni, Sudi na kiberiti cha Baraza, Mwachiro na jiwe lake. Mlinzi alifungua mdomo, Sudi akamtajia sheria kwa namba yake, mlinzi akaufunga.

Mtaa ulikuwa mdogo kuliko ule wa masimulizi ya Sipora. Mapaa yote yalikuwa na viraka juu ya viraka. Katika nyumba ya kona, ya Hadasa, sasa alikaa Tirza. Sudi aligonga mlango kwa kiwiko. Tirza alifungua, akazitazama kuni, akamtazama mgawa lawama. Hakumpa mkono. Lakini alisogea, wakapita.

Jiko lilikuwa pale pale. Sudi alipiga magoti, akapanga kuni kama mtu asiyehitaji kufikiri, akawasha njiti. Safari hii iliachwa iwake mpaka mwisho. Mwachiro aliketi kwenye benchi la ukutani. Joto lilipomfika magotini alijua ndilo lile lililokuwa likimkaa mkewe usoni kila Ijumaa.

Ndipo foleni ya soko ilipoanza kazi yake nje. Jiwe la kwanza lilipiga bati juu ya vichwa vyao, Sudi akajitupa sakafuni. Tirza alivuta kiti chake kando kidogo, bila kuacha alichokuwa akisema. Likaja la pili, la tatu.

"Ndivyo yanavyolia?" aliuliza Sudi kutoka chini.

"Ndivyo," alisema Tirza.

"Siku zote?"

"Wewe ndiye unayeyagawa, Bwana Sudi. Unatuuliza sisi?"

Alikuwa ameketi pembeni mwa lile gunia tangu nywele zake zikiwa nyeusi, akisema "Imepokelewa," na hakuwahi hata siku moja kusikia yanapokelewaje.

Mwachiro alitaka kwenda makaburini papo hapo. Tirza akamwambia leo ni Sabato. Hawaendi makaburini siku ya kupumzika, angoje kesho. Basi akangoja, ndani ya chumba alichozaliwa Sipora. Mabati yalilia mpaka soko lilipofungwa, na hakumtukana mtu yeyote, jambo lililomshangaza mwenyewe.

Jumapili Sudi hakurudi kwenye gunia. Wakubwa hawakukosa mtu wa kumrithi. Jua halijapanda, huko Mtaani walishasikia kupitia juu ya ukuta sauti mpya, changa, yenye bidii, ikisema "Imepokelewa." Sudi aliisikia, akavuta koti shingoni, akamuuliza Tirza kama kwenye mikeka yake kuna nafasi ya mtu mzima. Tirza akamjibu kwamba ataanza na wale wadogo kabisa, na swali la kwanza ataulizwa yeye: nani alikwambia?

Mwachiro naye alikuwa ameshaomba ngazi na nyundo za kesho. Lakini kwanza makaburi.

Yalikuwa nyuma ya tanuri la mkate. Kila kaburi lilikuwa kichuguu cha mawe ya kurushwa, maana hayakuwa na pa kwenda pengine. La Hadasa halikuonekana hata jina. Mwachiro alipiga magoti, akaanza kuyaondoa. Sudi akaja upande wa pili. Waliyaweka chini taratibu, moja moja, wasiyagonganishe, mpaka herufi zikatokea.

Akalitoa lake mfukoni. Alilishika kiganjani mpaka likapata joto, kisha akaliweka juu ya jina. Halikutoa mlio wowote.